Mjadala: Utabiri wa wiki tatu mbele usomwe madikoni, au ubaki kwa wataalamu?

Mtoa mada, Jambiani

Assalaam alaykum wanajamvi. Msimamo wangu nausema mapema: utabiri wa wiki mbili hadi nne mbele, ule unaotokana na mwenendo wa MJO, wimbi la mawingu na mvua linalosafiri angani, usomwe redioni, madikoni (panaposhushwa samaki) na kwa masheha kama inavyosomwa tahadhari ya upepo mkali. Wanaopinga wanasema watu watauchukua kama ahadi, na siku ukikosea hata onyo la kimbunga halitasikilizwa tena.

Kwanza tujue tunabishania nini. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Roland Madden na Paul Julian, walichambua rekodi za hali ya hewa za kisiwa cha Canton huko Pasifiki, wakaona upepo unabadilika kwa mpangilio unaojirudia kila siku 40 hadi 50. Ndiyo maana wimbi lina majina yao: MJO ni Madden-Julian Oscillation. Leo inafahamika kuwa ni kundi la mawingu ya mvua lenye upana wa maelfu ya kilomita. Kwa kawaida hujijenga Bahari ya Hindi, kisha huelekea mashariki, likapita Indonesia na kuingia Pasifiki kwa mwendo wa mita 5 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 400 na kitu kwa siku. Penye mawingu hayo hewa inapanda. Mbele na nyuma yake hewa inashuka na mvua inakatika. Mzunguko mzima ni siku 30 hadi 60, na tangu 2004 watabiri wanaugawa katika awamu nane kwa kipimo cha Wheeler na Hendon, kwa hiyo kila siku wanajua wimbi limefika wapi.

Sasa tazameni pengo tulilonalo. Utabiri wa kila siku unaishia siku chache mbele. Ule wa msimu unazungumzia miezi mitatu kwa jumla. Masika inaweza kutajwa kuwa ya wastani, na wastani huo ukaja kwa wiki mbili za mvua isiyokatika na wiki tatu za jua kali. Mama wa mwani hawezi kuanika wastani. Sisi huku tunavuna kwenye bamvu, maji yanapotoka mbali, halafu tunahitaji jua la siku mbili tatu. Mvua ikiupata mwani uliokauka nusu, chumvi inatoka, rangi inapauka, na mnunuzi akiushika tu anaukataa. Bamvu huwezi kuisogeza. Lakini mtu akijua kuwa bamvu ijayo ina uwezekano mkubwa wa mvua, atavuna kidogo, mwingine atauacha kwenye kamba, na turubai ataliazima mapema.

Wala watu wetu si wageni wa hesabu hizi. Wazee wa Makunduchi wanaugawa mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, na kilimo na uvuvi vimepangwa hivyo miaka na miaka. Ukimwambia mzee "mwongo wa pili kutoka sasa una dalili ya mvua", atakuelewa bila darasa.

Mchangiaji, Wete

Wa alaykumu salaam dada yangu. Nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Wenzetu wa Australia wimbi wanaliona likija, sisi linaanzia huku huku kwetu. Mitambo ikilipata lina nguvu na liko njiani, inaweza kulifuata hata wiki tatu au nne. Kulibashiri kabla halijajijenga ni kazi ngumu zaidi. Jengine ni kwamba pwani si bara. Utafiti wa Pohl na Camberlin wa 2006 ulionesha kuwa nyanda za juu za Afrika Mashariki na ukanda wa pwani hazipati mvua yao katika awamu moja. Masika ya 2018 mafuriko makubwa ya Kenya yalihusishwa na wimbi hili. Mtu wa Pemba akisikia habari kama hizo za Nairobi ataanua karafuu zake bure.

Na karafuu ndiyo roho yetu. Msimu ukikutana na vuli, zikikosa jua zinavunda, zinakuwa nyeupe na daraja linashuka. Ukitisha watu kwa mvua ya wiki ya tatu, watasitisha kuchuma, na karafuu haingoji, itachanua juu ya mti. Hasara hiyo atailipa nani?

Mtoa mada, Jambiani

Kaka yangu wa Wete, hilo la pwani na bara ni la msingi, na ndilo linalonifanya nidai tafsiri ya visiwa kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ramani za Australia na Marekani tayari zinazunguka kwenye simu za vijana wetu bila maelezo yoyote. Kukaa kimya hakuwazuii watu kutabiri, kunawaachia wasiojua.

Wimbi likiwa dhaifu, msomaji aseme waziwazi kuwa safari hii hakuna dalili ya kutegemea. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, halina nguvu kama lilivyo Novemba hadi Aprili, basi utabiri huo upumzishwe. Na usitumike kabisa kumruhusu mvuvi kwenda baharini. Yako mawimbi mengine ya angani, ya Kelvin, nayo yanakwenda mashariki ila kwa mwendo wa mara tatu au zaidi, yanaweza kuleta mvua katikati ya kipindi kilichotarajiwa kuwa kikavu. Mwenye ngalawa aangalie tahadhari ya siku ile ile.

Kuhusu hasara ya karafuu, asiambiwe mtu asichume. Aambiwe uwezekano ukoje, kisha aamue mwenyewe achume kiasi gani kwa majamvi na paa alizonazo. Leo anaamua gizani, na hasara bado ni yake.

Wa Micheweni na Mkokotoni, hasa mnaoanika dagaa, mko wapi? Mkisomewa utabiri huu, ni uamuzi gani mtaubadilisha?