Kinda la shomoro uani: nilichukue au niliache?

Asalaam aleikum ndugu zangu, naomba ushauri wa haraka. Niko Majengo, Mombasa. Tangu asubuhi kuna kinda la shomoro chini ya mwembe wetu. Manyoya yamelijaa mwilini ila mkia bado kijipande tu, na pembeni mwa mdomo kuna ile rangi ya njano. Likijaribu kuruka halifiki hata ukingo wa ndoo.

Najua kinda lililo uchi hurudishwa kiotani, na kulishika hakumfanyi mama alikatae. Hayo ya harufu ni maneno ya watu. Najua pia lenye manyoya huwa linajifunza kuruka, na wazazi hulilisha huko huko chini. Kweli, nimejibanza nyuma ya pazia, nikamwona mama akija mara mbili na mdudu mdomoni.

Shida ni kunguru. Mnawajua hawa wetu wenye asili ya Bara Hindi: watatu wameshatua juu ya bati. Na paka wa jirani, huyo sina la kusema. Mama mkwe anataka nilitie kwenye tenga nilipe uji. Uji! Hata maji nimekataa kulitilia mdomoni, lisije likapaliwa.

Bawa halining'inii, damu sijaiona. Nilipandishe kwenye mkomamanga hapo karibu, wazazi waendelee kulisikia? Au niwapigie KWS, wale wa shirika la wanyamapori? Aliyewahi kukutana na hili anijibu kabla ya magharibi, tafadhali.