Tupeane uzoefu: mwenye kipato cha wastani hapa Mombasa, bima ya afya unailipaje?

Mkaazi wa Mikindani (mwanzisha mada)

Asalaam aleikum na habari za jioni, ndugu zangu. Nimekaa na karatasi ya mshahara mkononi tangu Magharibi, nikaona afadhali niulize wenzangu kuliko kuumia peke yangu.

Mimi ni karani kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara wangu kabla ya makato ni 58,000. Enzi za NHIF, ile bima ya taifa ya zamani, nilikatwa 1,200 kwa mwezi, na hata mwenye laki na zaidi hakukatwa kupita 1,700. Tangu SHA, mamlaka ya bima iliyochukua nafasi yake, ianze tarehe 1 Oktoba 2024, tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote na hakuna kikomo, kwa hiyo yangu ni 1,595. Tofauti ni 395 tu, sawa. Lakini imekuja pamoja na wenzake: ushuru wa nyumba za bei nafuu 870, NSSF nayo imepanda, na mwenye nyumba kaongeza kodi Januari.

Kukatwa nimekubali. Kinachoninyima usingizi ni mambo mawili.

La kwanza, mwaka jana kijana wangu alivunjika mkono akicheza mpira. Hospitali ya serikali tuliyoenda kwanza mashine ya picha ilikuwa mbovu, mtoto analia, nikamkimbiza ya binafsi. Bima ikalipa sehemu yake, mimi nikaambiwa niongeze 38,000. Nilikopa kazini na nimemaliza kulipa mwezi uliopita. Baada ya hapo nikasema nitafute bima ya kampuni binafsi. Kwa watu wanne, kulazwa peke yake niliambiwa 74,000 kwa mwaka. Ukitaka na matibabu ya kwenda na kurudi, inapita laki na arobaini. Tena ugonjwa ulioanza nao hauguswi mpaka mwaka uishe, na mke wangu ana pumu.

La pili ni mamangu. Makato yangu yanamfunika mke na watoto, mzazi hayumo. Mzazi lazima awe na akaunti yake na alipe yake. Nikaenda kwake Majengo jioni moja tumsajili. Yeye kakaa kwenye mkeka, mimi na simu, namsomea maswali ya kupima uwezo wake wa kulipa: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, maji mwapata wapi, umeme upo? Nyumba ni ya mawe, ya urithi, warithi saba, na yeye ana chumba kimoja cha mbele. Kila nikijibu ananishika goti: "Mwanangu, waambie nyumba si yangu." Hapakuwa na mahali pa kuandika hilo. Ikatoka 790 kwa mwezi, yaani 9,480, na yatakiwa ya mwaka mzima kwa mpigo. Mama huyu kipato chake ni kushona kofia. Kofia moja ya vito humchukua wiki kadhaa.

Sisi tunaopata wastani tumekaa katikati. Hatuhesabiwi maskini tukasaidiwa, na hatuna uwezo wa kununua bima ya wenye nazo. Nyinyi mwafanyaje? Semeni na hesabu zenu, tafadhali, maana hesabu za watu ndizo zitakazotusaidia.

Bi Mahamri, Mtongwe

Wa aleikum salaam, kaka yangu. Pole na mama, na pole na mkono wa mtoto.

Mimi nauza mahamri na mbaazi asubuhi, mume wangu ana bodaboda hapa kivukoni Likoni. Siku njema tukitoa unga, mafuta, nazi na petroli, sote wawili twabaki na kama 1,100. Siku ya mvua twabaki na deni. Tulipopimwa ikatoka 520 kwa mwezi. Wallahi, 520 naiweza! Naiweza kila mwezi bila kukosa. Nisichoweza ni kuweka 6,240 mezani siku moja. Pesa yangu mimi huja ishirini ishirini, hamri moja moja. Ikifika elfu mbili nyumbani, karo ishaiona.

Zamani ya NHIF ilikuwa 500, mwezi kwa mwezi. Na watoto wangu wawili wa kwanza niliwazaa kwa Linda Mama, ule mpango wa serikali wa kujifungua bure, nikienda na kitambulisho tu, nikatoka na mtoto bila kudaiwa shilingi. Huyu wa tatu nimembeba mambo yamegeuka. Miezi saba nadunduliza kwenye mkebe wa maziwa ya unga, nimeuziba kwa solotepu ili nisiufungue ovyo. Niliufungua mara moja, mume alipopata ajali ndogo na pikipiki ikazuiwa. Nikaanza upya.

Nililipa nikiwa na mimba ya wiki thelathini na sita. Nikazaa salama, kawaida, bima ikalipa ile 10,000 ya kujifungua na sikuongeza kitu kwa kuwa nilikwenda ya serikali. Jirani yangu alipasuliwa kwenye ya binafsi, bima ikatoa 30,000 zake, yeye akaongeza juu pesa zilizomfanya auze friji na tivii.

Watu wa SHA wakija kutuuliza, mimi nitawaambia hili moja: mtupokee pesa kama zinavyotujia.

Mwalimu wa Kisauni

Nimesoma ya Bi Mahamri nikanyamaza kidogo. Wacha na mimi niseme yangu, ingawa yananiuma.

Nafundisha shule ya binafsi, jina silitaji. Mshahara 24,000, makato ya bima 660 kila mwezi, yameandikwa kwenye karatasi yangu ya mshahara waziwazi. Mwezi wa tano nililazwa na nimonia. Mke wangu kufika dirishani akaambiwa akaunti haiko hai, mchango wa mwisho ulipokelewa miezi minne nyuma. Alirudi wodini akadhani ni mimi niliyeacha kulipa bila kumwambia. Nikiwa na mpira wa maji mkononi ndiyo naanza kujieleza kwa mke wangu.

Mwajiri alikuwa akinikata na hapeleki. Sheria inamtaka apeleke kabla ya tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Nilipomuuliza mwenye shule aliniambia wazazi hawajalipa karo. Nikamwambia, mimi nilishalipa, wewe uliniondolea kabla sijaiona. Siku nne za wodi nililipa mfukoni, na ndugu wakachanga.

Kwa hiyo wenye ajira msijiamini. Karatasi ya mshahara si ushahidi kwamba pesa imefika. Piga *147# na simu yako mwenyewe, uangalie hali ya akaunti kila mwezi. Mimi siku hizi naangalia tarehe 10, nikitoka tu kusahihisha madaftari.

Dereva wa tuktuk, Bamburi

Mimi niseme ukweli, sijalipa. Nimejisajili, nimepimwa, ikaja 6,900, nikaifunga simu.

Sikatai bima. Tuktuk si yangu, mwenyewe ataka 1,000 kila jioni, iwe kuna abiria iwe hakuna. Nikipata 6,900 zikiwa zimekusanyika nina mambo matatu yanazisubiri, na hakuna hata moja la anasa. Tena zahanati ya mtaani ni bure ukishajisajili, hata kama hujalipa. Mtoto akipata homa nampeleka. Ila mara mbili nimeandikiwa dawa nikaambiwa kanunue nje, kwa hiyo hiyo bure nayo ina nauli yake.

Nesi wa Pwani

Kaka wa tuktuk, naomba unisikilize kwa upendo. Mimi niko wodini kila siku.

Ni kweli, zahanati na vituo vya afya (ngazi ya 2 na 3) hulipiwa na mfuko wa huduma za msingi, mchango hauulizwi. Ila mtoto akizidiwa, akaandikiwa barua ya kwenda hospitali kubwa, ngazi ya 4 au ya 5, hapo ndipo mchango unapoulizwa. Na barua hiyo huandikwa saa nane za usiku. Nimewaona kina baba wanatembea koridoni na simu sikioni wakipigia kila jina lililomo, na akiona nesi anapita anainamisha kichwa. Siwezi kuizoea sura ile.

Wagonjwa wa figo ndio walionifundisha uzito wa hili. Kusafishwa damu mara moja SHA hulipa 10,650. Mgonjwa aja mara mbili kwa wiki, wengine mara tatu. Hesabu mwenyewe mwezi mmoja. Mwenye akaunti hai haulizwi. Akaunti ikilala siku mbili tu, siku hizo mbili mgonjwa anavimba miguu.

Na jambo jingine dogo linalotukwamisha sana: nambari ya simu. Wazee wengi wamesajiliwa na simu ya mjukuu. Juzi tulikuwa na bibi mmoja, mchango umelipwa mwaka mzima, kila kitu sawa, ila nambari ya kuthibitisha ikawa yaingia kwenye simu ya mjukuu wake aliyekwenda Qatar kufanya kazi. Kijana yuko zamu, simu imezimwa. Bibi alikaa kwenye kiti cha magurudumu kuanzia saa tatu asubuhi hadi alasiri akisubiri ujumbe utoke Qatar. Mwanzisha mada, mama yako umemsajili kwa nambari ya nani?

Muuza mchicha, Kongowea

Hapo kwa kudunduliza ndipo nina la kusema, na Bi Mahamri hili litakufaa.

Sisi sokoni tuko wanawake kumi na tano tunaocheza mchezo, yaani kuchangiana pesa kwa zamu. Zamani mwenye zamu anakwenda nazo nyumbani, na mchana huohuo zimekwisha. Mwaka jana mwenzetu mmoja alifiwa na mtoto. Sitaki kueleza zaidi, mwenyewe angesoma angeumia. Tuliporudi mazikoni tukakaa palepale kwenye magunia tukakubaliana mchezo wa kwanza wa mwaka utakuwa wa bima peke yake.

Ni hivi. Kila mtu 400 kwa wiki, kumi na tano ni 6,000. Wiki hiyo mwenye zamu halipwi mkononi. Tunakaa naye, simu yake, tunamtumia, analipa SHA yake tukiona, na ujumbe ukiingia anausoma kwa sauti. Aliyepimiwa zaidi ya 6,000 anaongeza yake, aliyepimiwa chini chenji ni yake. Wiki kumi na tano, wote tumemaliza. Tulianza na wajawazito na wenye watoto wa selimundu, hatukupiga kura. Kulikuwa na maneno kidogo, mmoja akasema mbona yeye wa mwisho, lakini alikaa.

Shida tuliyopata ni wale wa wiki za mwisho. Mmoja wa wiki ya kumi na mbili aliugua wiki ya tisa. Tukakopesha kutoka kwa mchezo wa mazishi. Mwaka huu tumeanza mapema zaidi, miezi miwili kabla ya bima za kwanza kwisha, ili pasiwe na pengo.

Tulisikia ule mpango wa Lipa SHA Pole Pole uliotangazwa 2025, wa kukuwezesha kulipa kidogo kidogo. Wawili wetu wameuingia. Mimi sipendi mkopo kwa kitu kama hiki, nawaamini zaidi wenzangu ninaokaa nao kwenye magunia, lakini asiye na kundi aufikirie.

Dereva wa tuktuk, Bamburi

Mama, mchezo wenu unapokea wanaume?

Muuza mchicha, Kongowea

Huo wetu hapana, mwanangu. Lakini hapo stendi yenu mko wangapi? Tafuta kumi mnaoaminiana. Usitafute ishirini. Mke wako akitaka kuja aone tunavyofanya, aje Jumapili saa kumi upande wa mboga, aulize mama wa mchicha.

Mkaazi wa Mikindani (mwanzisha mada)

Nimerudi. Nimesoma yote mara mbili, na mke wangu nimemsomea ya Bi Mahamri na ya sokoni.

Mwalimu, nimepiga *147# usiku huu huu. Michango yangu imefika, alhamdulillahi. Nimewatumia wenzangu wawili wa kazini waangalie na wao, mmoja bado hajajibu. Ile yako ya mwenye shule usiiachie hapo. Weka karatasi zote za mshahara za miezi ile minne, na uende ofisi ya SHA ukalalamike kwa maandishi. Usiende peke yako, nenda na walimu wenzako, maana kama wewe hukupelekewa na wao hawakupelekewa.

Nesi, umenishtua. Mama nimemsajili kwa nambari yangu, na mimi kazini simu huachwa langoni tukiingia yadi. Jumamosi nitakwenda kumnunulia laini, ile simu yake ya tochi inatosha, tubadilishe.

Kuhusu 9,480 zake. Tuko ndugu wanne. Mpaka leo nilikuwa nangoja nizipate zote mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye ninayehesabiwa ana kazi. Nimewaandikia sasa hivi: 2,370 kila mmoja, kabla ya mwezi kuandama. Dada wa Malindi kajibu tayari, katuma 1,000 na kasema nyingine Ijumaa. Wale wengine wawili wamesoma, naona alama, bado kimya.

Nimemuuliza pia mama kama kuna kofia iliyokwisha. Anasema iko moja, imebaki kufuliwa na kupigwa pasi. Mwenye kujua mnunuzi wa kofia nzuri, ya mkono, aniandikie.