Prado 120, Discovery 3 au X5: ipi haitonitesa kwa umeme hapa Unguja?

MtuWaFuoni

Assalam alaykum wanajamvi. Natafuta gari kubwa. Kazi yangu kuchukua wageni, uwanja wa ndege hadi Paje na Nungwi, na Ijumaa natia familia ndani twende shamba, Makunduchi. Noah imeshanichosha, na wageni wa siku hizi wanakuja na mabegi utadhani wanahama.

Nina milioni 35 na gari tatu nimeshaziona kwa macho yangu. Prado 120 ya 2006, ya petroli, ilitoka Japani, iko Mwanakwerekwe. Discovery 3 ya 2008, dizeli, ilitoka Uingereza, mwenyewe yuko Mazizini. Na BMW X5 E70 ya 2009, iko Mombasa (Mombasa yetu hii, si ya Kenya). Prado ndiyo kongwe kuliko zote na ndiyo ghali kuliko zote, hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Discovery ina viti saba vya ngozi, inateleza, lakini nilipoiwasha dashibodi iliwaka kama Mnazi Mmoja usiku wa Sikukuu. Muuzaji akacheka: "Ni sensa tu hiyo, ami."

Injini sina wasiwasi nayo, nina fundi wangu. Ninachoogopa ni umeme. Mwenye uzoefu anilinganishie.

Fundi_Testa

Wa alaykum salaam. "Ni sensa tu" imeshauza magari mabovu mji huu kuliko madalali wote.

Prado 120 taa ikizima, mara nyingi kuna fyuzi, kuna rilei, kuna waya. Unaufuata waya mpaka unapakuta pale ulipokatika. X5 si hivyo. Ukibonyeza indiketa, huwashi taa wewe. Unaiomba kompyuta, nayo inaiambia nyenziwe, na hiyo ya pili ndiyo inayowasha. Kuna kiboksi mule kinaitwa FRM, kinashika taa, vioo na madirisha. Betri ikifa na mtu akaishtua gari ovyo ovyo, kiboksi hicho kinaweza kupoteza kumbukumbu yake, na vyote hivyo vikalala siku moja. Watu wanabadilisha balbu, wanabadilisha mota za madirisha, pesa zinateketea, kumbe tatizo ni hilo moja. Na ukitia betri mpya lazima kompyuta iambiwe kwa mashine kuwa ni mpya, ama itaendelea kuichaji kama ile kuukuu na kuiua kabla ya siku zake.

Discovery 3 yeye mgonjwa wa betri. Ikichoka kidogo tu anaanza kulalamikia shokapu za upepo, giaboksi, breki ya mkono ya umeme, na huenda hakuna hata kimoja kibovu. Kuna na swichi ndogo ya taa za breki juu ya pedali, kitu cha bei ya kawaida. Ikizeeka, dashibodi nzima inapiga mayowe. Kwa hivyo mimi taa kumi zikiwaka kwa pamoja sishtuki sana, sababu yaweza kuwa moja. Taa moja iliyokaa peke yake na haizimi, hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi.

Ukenda tena chukua mita, hata ile ya bei rahisi ya Darajani. Gari iwe haijawashwa tangu usiku. Betri ikisoma volti 12.6 iko vizuri, 12.2 imebaki nusu. Washa, iwe baina ya 13.8 na 14.5. Halafu ncha moja ya mita weka kwenye hasi ya betri, nyengine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikipanda zaidi ya nusu volti, waya wa ethi, ule wa hasi unaofungwa kwenye chuma, umeoza. Na ukifika ukakuta boneti ina joto, ujue ameshaiwasha kabla yako, usiulize kitu. Nenda zako, rudi siku nyengine bila ya kumwambia.

BintiMalindi

Kaka, mie sijui volti lakini maji nayajua. Nilikuwa na gari kubwa la Kijerumani, jina lake naliacha, lenye paa la kioo refu mpaka nyuma. Nikiliegesha chini ya muembe kwa mama. Masika ya mwaka ule ikaanza mambo: buti inajifungua yenyewe usiku, redio inazungumza ikitaka, asubuhi betri imekufa. Fundi wa kwanza akauza betri. Fundi wa pili akauza altaneta. Wa tatu, kijana mdogo tu, akaniambia dada tuinue sakafu ya buti. Tukainua. Chini yake mna maji ya kutosha mtu kutawadha, na betri imo humo humo pamoja na maboksi ya kompyuta.

Kumbe paa lile lina vitundu pembeni vya kutolea maji, na majani ya muembe yameviziba. Maji hayakudondokei kichwani, ndiyo maana hujui. Yanashuka ndani kwa ndani mpaka yafike yanapotaka. Soketi moja nilishikishwa mkononi: meno yake yameota kitu cha kijani kama ukungu wa mkate. Wakakausha kwa draya yangu ya nywele, ikaenda wiki tatu, ikarudi vile vile. Draya nayo haijanirudia mpaka leo.

Kwa hivyo paa lolote la kioo mimi nalimwagia kikombe cha maji pembeni, kisha nachungulia chini ya gari kama yanatoka. Muuzaji akinuna, ndiyo jibu.

MpembaHalisi

Nyinyi wa Unguja mnalinganisha gari, sie huku Chake tunalinganisha mafundi. Mtu hapa mtaani alileta Discovery, nzuri, watoto walikuwa wakijitazama kwenye milango yake. Ikagoma barabarani, betri sifuri, na breki ya mkono ya umeme imekamata. Kusukuma haiwezekani, kuvuta haiwezekani, magurudumu yamefunga. Imekaa pale siku nne kama jiwe la mpaka, mpaka fundi alipopanda boti na kompyuta yake mfukoni. Nauli yake, chakula chake, malazi yake, juu ya mwenye gari. Ufundi wenyewe saa moja.

Wewe uko Fuoni, una nafuu. Lakini jiulize fundi mwenye mashine inayoisoma Discovery, si inayojifanya kuisoma, wako wangapi kisiwani kwako? Akisafiri je?

Fundi_Testa

Sheikh wangu wa Chake umegusa penyewe. Ile breki ina njia ya dharura ya kuiachia kwa mkono, imefichwa pale katikati ya viti vya mbele, lakini lazima ujue. Na ile haipendi mchanga. Mtu wa Paje na Jambiani aisafishe na kuirekebisha kwa wakati. Ukiisikia inalia kama mlango wenye kutu wakati wa kufunga, ujue inaomba msaada.

Leicester_Zenji

Niko huku Uingereza miaka 14, niongeze moja. Huku baridi ikiingia wanamwaga chumvi barabarani isigande. Gari inaoga chumvi kila mwaka, kisha mnaileta Unguja ikapumue upepo wa bahari. Chungulia chini: waya za ethi zinazofungwa kwenye chesisi, na soketi za sensa za magurudumu. Juu inang'ara, chini inamomonyoka.

Mwambie huyo wa Mazizini akupe namba ya zamani, ile ya Uingereza, iko kwenye karatasi zake. Historia ya ukaguzi wa kila mwaka, MOT, iko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure. Unaona kilomita (wanaandika maili) na kila ilipofelishwa kwa nini. Akikwambia karatasi zimepotea, ziache zipotee na gari yake.

Dogo_Jangombe

Mnatisha watu bure. Nunua kile kidude cha bluetooth cha kusomea kompyuta ya gari, chomeka chini ya usukani, futa kodi kwa simu, taa zote zinazima. Mimi nimefanya kwa Harrier yangu. Kodi nasema za kompyuta, si za ZRA!

Fundi_Testa

Mwanangu Dogo, ndivyo anavyofanya muuzaji asubuhi kabla mnunuzi hajafika. Kufuta si kutengeneza. Lakini kidude hicho kina faida: gari nyingi zinakumbuka kama zimefutwa karibuni. Pana orodha ya vipimo ambavyo kompyuta inajipima yenyewe ikiwa barabarani, na ukifuta vinarudi kuwa "bado". Ukikuta karibu vyote "bado" na mtu anaapa gari anaendesha kila siku, usimbishie. Aga tu. (Gari za soko la Japani si zote zinazojibu vizuri vidude hivi, msije mkamdhulumu mwenye Prado.)

Na taa ya eyabegi: ukigeuza swichi lazima iwake kwanza, kisha izime. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa.

MzeeWaChwaka

Maneno mengi. Prado. Nimemaliza.

Fundi_Testa

Mzee wetu, shikamoo, nakuheshimu, ila Prado nayo si malaika.

Baadhi ya hizo 120 zina breki zinazosaidiwa na pampu ya umeme. Ikifa inalia kengele, taa za ABS na breki zinawaka, pedali inakuwa ngumu kama ukuta, na bei yake utakaa chini kwanza. Ipime hivi: swichi iwe wazi lakini injini usiiwashe, kanyaga breki mara nyingi, kisha sikiliza upande wa boneti. Pampu inanguruma halafu inanyamaza. Ikinguruma dakika nzima hainyamazi, hiyo imechoka.

Lakini uchawi mkubwa wa Prado ni sisi wenyewe. Redio ya Japani masafa yake ya FM yanaanzia 76 na nyingi zinaishia 90, stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Kwa hivyo kitu cha kwanza kila mmoja anabadilisha redio, na hapo ndipo waya za kiwandani zinapokatwa kwa mara ya kwanza, zikasokotwa kwa vidole na kuvishwa utepe mweusi. Akija wa alamu anakata pale pale. Wa kamera ya nyuma, pale pale. Wa taa za LED, pale pale. Joto letu hili gundi ya utepe inayeyuka, waya zinabaki uchi. Miaka mitatu baadaye gari inakula betri usiku na mwenyewe anasema kuna shetani. Nimeshachomoa kwenye Prado moja utepe wa kujaza konzi mbili.

MtuWaFuoni

Nimerudi, samahani kwa kimya. Nimenunua mita nikazizungukia zote alfajiri ya Jumamosi.

X5: nimefika saa moja kasoro, boneti ina joto. Nimeondoka.

Discovery: betri 12.1. Nikafurahi, nikasema basi ni betri tu kama alivyonena fundi. Kisha nikakumbuka habari ya draya, nikainua kapeti upande wa abiria, kushoto. Mkono umetoka umerowa, na unanuka kama kitambaa cha vyombo kilicholala ndooni. Muuzaji anasema ni maji ya AC. Karatasi za Uingereza "ziko kwa shemeji".

Prado: 12.5, ikiwaka 14.1. Nilipopiga stata, ethi imesoma 0.2. Pampu ya breki imenguruma kidogo ikanyamaza. Mkanda wa kiti nimeuvuta mpaka mwisho kutafuta tope, maana ile njia ya Mwanakwerekwe masika tunaijua kwa mafuriko, ni msafi. Isipokuwa taa ya namba ya nyuma haiwaki, na redio ni ya Kichina.

Fundi_Testa

Maji ya AC yanaweza kweli, bomba lake likiziba. Lakini hayo huwa masafi, hayana harufu ya kuoza mpaka yakae sana. Na upande ule ule, nyuma ya kisanduku cha glavu, ndiko liliko boksi kubwa la fyuzi la Discovery. Kapeti limelala na maji chini ya boksi lile na wewe bado unafikiri? Hata akipunguza milioni kumi.

Taa ya namba kwenye Prado: ule mlango wa nyuma unafunguka kwa ubavu, waya zinapita ndani ya mpira kwenye bawaba. Miaka karibu 20 ya kufungua na kufunga, zinakatika humo. Uvute ule mpira utaona. Ni kazi ya mchana mmoja, lakini usimwambie hivyo muuzaji.

BintiMalindi

Muombe apunguze kwa hiyo taa, na redio umwachie.

MtuWaFuoni

Nimemvuta mpaka 33 na nusu, tumekubaliana tukaiangalie pamoja kesho baada ya Alfajiri kabla sijatoa hata shilingi. Fundi, nakupitia Amani, tuifungue hiyo redio tuone mna utepe kiasi gani. Nije na nini?

Fundi_Testa

Tochi, na mfuko wa kutilia utepe. Na mpigie leo usiku, mwambie asiiwashe mpaka tufike.