Kocha amenitoa winga akanirudisha beki mbili (beki wa kulia), nifanyeje?

Saba_Mgongoni
Wakuu, naombeni ushauri. Misimu mitatu nimecheza winga ya kulia, mabao yapo, chenga zipo. Msimu huu kaja dogo mwenye mbio kunishinda. Kocha kaniita pembeni: "Wewe sasa beki mbili, na siku nyingine utaanzia benchi." Akaenda kuokota koni zake, mazungumzo yakaishia hapo. Nikaitikia sawa. Jumamosi dogo kafunga, wenzangu wote wakaruka, mimi nikajikuta nimeinama nafunga kamba ya kiatu ambayo wala haikuwa imefunguka. Nimejiogopa. Mtu anaikubalije nafasi asiyoitaka bila kuigiza?

Kipa_wa_Akiba
Hiyo kamba naijua, mkuu. Nimesugua benchi miaka minne, tena kipa, ambaye haingizwi hata dakika kumi za huruma. Mwenye namba asipoumia au kula kadi nyekundu, umekaa. Mwaka wa kwanza nilikuwa namwombea aumie. Naandika kwa aibu.

Nasaha za "timu kwanza" hazikunisaidia kitu. Nilichofanya ni kumfuata kocha: "Kuanzia Jumatatu hadi siku ya mechi, unataka nifanye nini hasa?" Akanipa kazi ya kuwasoma wapiga penalti wa wapinzani, nani anapiga upande gani, nani anasita kabla ya kupiga. Kuanzia hapo na mimi nikawa na kitu ninachoweza kukosea. Siku kipa wetu alipopangua penalti, alininyooshea kidole benchi akiwa bado yuko chini. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Kumbuka Kombe la Dunia 2014, Uholanzi na Costa Rica. Tim Krul, kipa wa akiba wa Uholanzi, aliingizwa mwishoni kabisa mwa dakika 120 kwa ajili ya matuta tu, yaani penalti za kuamua mshindi, akapangua mawili, wakafuzu nusu fainali. Yeye alijua mapema kwamba huenda akatumiwa hivyo. Jasper Cillessen, aliyetolewa, hakuambiwa, na hasira zake zilionekana wazi. Uamuzi ni mmoja, aliyeelezwa ni mmoja.

Dada_Libero
Mimi nipo voliboli. Libero, yaani mchezaji wa kulinda nyuma tu, haruhusiwi kupiga bloku wala kushambulia mpira ulio juu ya wavu, kwa hiyo usitegemee kushangiliwa kwa kumalizia. Nilichukia mwaka mzima. Ila kaka, kukubali jukumu si lazima ukubaliane na kocha. Kwenye kikapu cha NBA, ligi ya Marekani, Andre Iguodala alianzia benchi msimu mzima wa 2014/15 pale Golden State. Kwenye fainali akaanza kuanzia mchezo wa nne, akaondoka na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Asingejiweka tayari huko benchi, wangemwanzisha?

Mzee_wa_Filimbi
Wengine hawakubali, wanahama timu. Nayo ni haki yao.

Saba_Mgongoni
Nimemuuliza kocha leo. Kumbe beki aliyekuwepo hapandi, na yeye anataka mtu wa kupiga krosi kutoka nyuma, halafu dogo aingie ndani. Sasa mbona hakusema siku ile! Saba yangu ya winga bado naitaka, nisiwadanganye. Baada ya mazoezi nikamwomba dogo anikimbilie mara 20 nijifunze kumkaba. Kanipita mara 14. Kesho tunarudia.