Marefa wa kikapu, miguu ya mtupaji hamuioni?

Wakuu, hii tabia ya marefa kufuata mpira kwa macho kama watoto wanaotazama kishada imezidi sasa. Mtupaji karuka nyuma ya mstari wa pointi tatu, mpira umetoka mkononi, refa kidevu juu anaangalia ringi. Huku chini mlinzi aliyekuja mbio anachomeka kiatu palepale mwenzake anapotua. Kifundo kinapinda, mtu anagaragara, refa anakuja na jibu lake: "Mpira ulishatoka."

Ulishatoka ndiyo nini? Someni kifungu cha 15 cha sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani: kwa aliye hewani, kitendo cha kutupa hakiishi mpaka miguu yote miwili irudi sakafuni. Mpira ukiingia, pointi tatu zihesabiwe na apewe mtupo huru mmoja. Usipoingia, mitatu. Habari za kwenda kurusha mpira pembeni mnazitoa wapi?

Aliyeruka ana haki ya kutua palepale aliporukia. Akitua mbele kidogo, kinachoamua ni ule wakati alipoacha sakafu, siyo wakati wa kugongana. Kama pale pa kutua na njia ya kufika hapo vilikuwa vitupu, mlinzi amechelewa, asiingie. Ila kama mlinzi alishasimama na mtupaji akamrukia, mzigo ni wa mtupaji. Kumpa huyo mitupo nao ni wizi. Na wale wanaotoa mguu mbele kama wanapiga penalti ili wamguse mlinzi, wapigieni faulo wao! NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, walishawabana tangu msimu wa 2021-22.

Ajabu, filimbi hiyohiyo inalia fasta mlinzi akiruka wima, mikono juu, ndani ya silinda yake (nafasi yake mwenyewe kuanzia sakafuni hadi juu), kisa tu mtupaji kapiga kelele.

Nani asiyekumbuka Mei 14, 2017? Mtoano wa NBA, Spurs wanaongoza 78-55 dhidi ya Warriors, Kawhi Leonard wa Spurs anatupa na kutua juu ya mguu wa Zaza Pachulia wa Warriors. Hakucheza tena mfululizo ule wa mechi za timu hizo mbili, na Warriors wakashinda 113-111. Msimu uliofuata NBA ikawapa marefa ruhusa ya kuangalia video na kuipandisha faulo ya namna hiyo kuwa flagrant, yaani faulo mbaya yenye adhabu kubwa zaidi.

Najua mechi za marefa wawili ni ngumu, yule anayekaa nyuma ya mashambulizi anabebeshwa mtupaji na safari ya mpira kwa pamoja. Lakini kwa mtupo wa mbali, mtupaji anatua mpira ungali hewani. Muda upo. Macho yaanzie miguu inapoacha sakafu, yapande kwenye mkono, yarudi chini miguu itue, ndipo yaende kwenye ringi. Mpira hautakimbia.

Anayewatetea aje na kifungu, asije na "refa naye binadamu".