Tupeane uzoefu: jamii ya kubuniwa ambayo desturi yake ya kafara ilikunyima usingizi

Msomaji wa Usiku
Wanajamvi, juzi nilirudia "The Lottery", hadithi fupi ya Shirley Jackson iliyotoka Juni 1948, ya kijiji kinachopiga kura kila mwaka na kumpiga mawe hadi kufa anayepata karatasi yenye doa jeusi, nami nikaganda pale pale nilipoganda mara ya kwanza. Si kwenye mawe. Ni pale kura inapoiangukia nyumba ya Tessie Hutchinson, naye anadai binti yake aliyekwisha kuolewa ahesabiwe pamoja nao, ili wa kugawana hatari hiyo waongezeke. Mama mzazi! Je, ninyi mliganda wapi?

Kalamu Butu
Umenitonesha kidonda. Mwalimu wetu wa fasihi aliingia darasani kimya, akapitisha kisanduku, kila mmoja akachukua karatasi iliyokunjwa. Tulikuwa tukicheka. Yangu ilikuwa na doa jeusi la penseli, limekolezwa hadi karatasi inang'aa. Akanisimamisha mbele, akawaambia wenzangu wafinye karatasi zao ziwe matonge na kunitupia, wala hakuhitaji kurudia. Aliyeanza ni rafiki niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, naye alilenga uso. Karatasi haiumizi, lakini nilikuwa nikiwatazama jinsi walivyokuwa wakifurahi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nimekosa nini. Ndipo tukasomewa hadithi yenyewe, na ilipofika pale Davy, kitinda mimba wa Tessie, anapopewa vijiwe mkononi, nililia kwa sauti.

Pwani ya Maneno
Ninaunga mkono: vile vijiwe vya Davy ndivyo vilivyonimaliza.

Bado Nasoma
Kwangu ni Omelas ya Ursula K. Le Guin, ya mwaka 1973, ambako raha ya mji mzima inategemea mtoto mmoja aliyefungiwa chumbani chini ya ardhi, anayeogopa hata matambara ya deki. Angalau huko wapo wanaoondoka.

Mbishi wa Kona
Wanaondoka, na mtoto anabaki. Hiyo ni kujiosha mikono tu.

Bado Nasoma
Ulitaka wafanye nini, ilhali sharti linasema kwamba akitendewa wema hata kidogo tu mji wote unaangamia?

Mbishi wa Kona
Kwanza wangethibitisha kwamba sharti hilo ni la kweli. Hakuna aliyewahi kujaribu.

Jani Kavu
Mnasahau Ikemefuna katika "Things Fall Apart" ya Achebe, yule kijana aliyetolewa fidia na kijiji kingine, kisha mizimu ikaagiza auawe. Aliishi miaka mitatu nyumbani kwa Okonkwo, akamwita baba, na mzee Ezeudu alikwisha kumwonya Okonkwo asishiriki kumwua. Hata hivyo alimkata kwa panga, kwa kuogopa kuonekana dhaifu.

Pwani ya Maneno
Tusiiweke Umuofia, jamii ya Okonkwo, kapu moja na kile kijiji cha kura. Obierika, rafiki yake Okonkwo, alibaki nyumbani siku hiyo, na baadaye akamlaumu Okonkwo waziwazi. Jamii hiyo inabishana na desturi zake. Wale wa kura wamekwisha kupoteza hata kisanduku cha awali na kusahau sehemu kubwa ya kanuni, ila mawe wanayakumbuka vizuri.

Jani Kavu
Ubishi wa Obierika haukumrudisha Ikemefuna.

Mvua Haijanyesha
Someni "The Rain Came" ya Grace Ogot. Oganda anadhani wazee wanajadili ndoa yake, anawaza bwana harusi ni nani, kumbe wanapanga kumpeleka kafara kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Mpenzi wake Osinda anamwokoa, na mvua inanyesha vilevile. Hilo ndilo jibu la Mbishi kuhusu sharti.

Mbishi wa Kona
Hatimaye nimepata shahidi. Kalamu Butu, mtafute huyo rafiki umuulize.

Bado Nasoma
Usimtafute. Miaka imepita, mwache. Au mtumie karatasi yenye doa.

Kalamu Butu
Nimemwandikia asubuhi hii. Anasema hakumbuki kutupa chochote. Anachokumbuka ni kwamba alifungua karatasi yake, akaikuta tupu, akashukuru.