Tupeane uzoefu: chemshabongo za kupanga watu kwa foleni na kwa makundi, mnazifunguaje?

Penseli HB

Wakuu, uzi huu ni wa zile chemshabongo za "watu sita wamepangiwa zamu, fulani amtangulie fulani, fulani asikae pembeni". LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani na Kanada, ulikuwa na sehemu nzima ya mafumbo haya: dakika 35, mafumbo manne, maswali 22 hadi 24. Sehemu hiyo iliondolewa kuanzia Agosti 2024, kufuatia makubaliano ya 2019 na watahiniwa wasioona waliolalamika kwamba inamtegemea mno mtu anayeweza kuchora. Lakini mafumbo yenyewe hayajafa. Mitihani ya ajira za benki India imejaa hayo, na mitihani mingi ya mchujo inayaazima.

Tuweke mbinu, alama mlizopata wekeni uzi mwingine. Naanza na la foleni:

Asha, Baraka, Chiku, Daudi, Eliza na Farida watazungumza mmoja mmoja, wa 1 hadi wa 6. Asha anamtangulia Chiku, Chiku anamtangulia Farida (si lazima wafuatane papo hapo). Baraka na Daudi wanafuatana bila mtu katikati, yeyote kati yao anaweza kuanza. Eliza si wa kwanza wala wa mwisho. Farida si wa mwisho.

Bila masharti kuna mipangilio 720. Nani ana njia fupi?

Bi Jedwali

Chora vistari sita, namba chini yake. Masharti yaandike kwa herufi pembeni: A…C…F kwa mnyororo, kisanduku [BD] chenye mshale wa pande mbili kwa wanaofuatana, na chini ya kistari cha 1 na cha 6 uandike E iliyokatwa. Chini ya 6 ongeza F iliyokatwa. Usijaze mtu yeyote bado.

Sasa jiulize: kistari cha 6 nani anaweza kukikalia? Asha hawezi, kuna wawili lazima waje baada yake. Chiku hawezi, kuna Farida. Farida kakatazwa, Eliza kakatazwa. Wamebaki Baraka na Daudi, na hao hawaachani, kwa hiyo 5 na 6 ni zao.

Kistari cha 1 je? Chiku na Farida wana watu wa kuwatangulia, Eliza kakatazwa, Baraka na Daudi wameshapata kwao. Ni Asha peke yake.

Zimebaki 2, 3 na 4 kwa Chiku, Farida na Eliza, Chiku akimtangulia Farida. Njia ni tatu: E C F, C E F, C F E. Zidisha kwa mbili kwa kuwa Baraka na Daudi wanaweza kubadilishana. Mipangilio sita kati ya 720, na hujasoma swali hata moja.

Swali likija, "Eliza akiwa jirani wa Baraka, nani wa tatu?", unasoma tu kwenye mchoro: Eliza wa 4, Baraka wa 5, Daudi wa 6, Chiku wa 2, Farida wa 3.

Watu wengi hukwama hapa kwa sababu moja. Wanaanza na sharti lililoandikwa juu kabisa. Mtungaji hupanga masharti jinsi anavyotaka yeye, na mara nyingi lile linalofungua fumbo ameliweka mwishoni na kulifanya lionekane dogo. Angalia hapo juu: "Farida si wa mwisho" linaonekana kama nyongeza, kumbe ndilo limebeba kila kitu.

Ngwena

Naongezea kwa Bi Jedwali. Mnyororo una hesabu yake ambayo haihitaji kufikiri. Kwenye A…C…F na nafasi sita, Asha hawezi kuwa wa 5 wala wa 6, Chiku hawezi kuwa wa 1 wala wa 6, Farida hawezi kuwa wa 1 wala wa 2. Kanuni: hesabu wangapi lazima wamtangulie mtu, hizo ndizo nafasi zinazofutwa mwanzoni. Hesabu wangapi lazima waje baada yake, hizo zinafutwa mwishoni. Kumbuka kisanduku cha watu wawili kikiingia kwenye mnyororo kinahesabiwa kama wawili. Hapo ndipo hesabu huharibika.

Kalamu Nyekundu

Foleni ni rahisi. Makundi ndiyo yanayoua watu, kwa sababu mtu anaangalia waliochaguliwa na kusahau walioachwa. Mfano:

Kamati ya watu wanne inachaguliwa kutoka kwa saba: Halima, Juma, Kheri, Latifa, Musa, Neema, Omari. Halima akiwemo, Juma hayumo. Kheri akiwemo, Latifa naye yumo. Neema akiwemo, Musa naye yumo. Kati ya Latifa na Omari, mmoja tu yumo, si pungufu si zaidi.

Chora safu mbili: NDANI vistari vinne, NJE vistari vitatu. Nje ndiko kwenye ubahili, basi anzia huko. Halima na Juma hawawezi kuwa ndani pamoja, kwa hiyo kistari kimoja cha nje kimekwenda kwao: andika H/J. Latifa na Omari, mmoja yuko nje: andika L/O. Kimebaki kistari KIMOJA cha nje.

Sasa mtoe Musa. Musa akitoka, Neema anatoka naye. Hao ni wawili, na kistari ni kimoja. Haiwezekani. Musa yumo ndani siku zote, na hakuna sharti hata moja lililosema hivyo waziwazi.

Latifa akiwemo, kistari cha mwisho cha nje kinaweza kuwa cha Kheri, cha Neema, au cha yule mwingine wa Halima na Juma. Ukihesabu vizuri unapata mipangilio mitano. Latifa akitoka ipo miwili tu. Jumla saba kati ya 35.

Onyo kuhusu H/J: sharti limesema wasiwe ndani pamoja. Halijasema mmoja wao lazima awemo. Kheri, Latifa, Musa, Neema ni kamati halali kabisa, Halima na Juma wote nje.

Mchanga wa Pwani

Mkuu, hilo la mwisho ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Nitaliweka kwa mishale maana maneno yanateleza:

Halima akiwemo → Juma hayumo. Hapa wote wawili wanaweza kuwa nje. Hawawezi kuwa ndani pamoja.

Halima asipokuwemo → Juma yumo. Hapa wote wawili wanaweza kuwa ndani. Hawawezi kuwa nje pamoja.

Yanafanana kama mapacha, ila maana zake zinapishana kabisa.

Kila mshale una mgeuzo mmoja halali: geuza pande, na kila upande uukanushe. Kheri → Latifa inakupa Latifa hayumo → Kheri hayumo. Basi. Haikupi Latifa → Kheri, na haikupi Kheri hayumo → Latifa hayumo. Andika mgeuzo pale pale unapoandika sharti, usiseme utaukumbuka.

Sentensi za kuchunga: "Kheri atakuwemo pale tu Latifa atakapokuwemo" ni Kheri → Latifa, wala si kinyume chake. Neno "tu" linabadilisha mwelekeo, wengi wanalisoma haraka wakachora mshale kwa nyuma. "Kheri hatakuwemo isipokuwa Latifa awemo" nayo ni Kheri → Latifa. Ikisemwa "ikiwa, na ikiwa tu", hapo ndipo mshale una vichwa viwili: wako pamoja ndani au pamoja nje.

Ngwena

Na "au" je? Kwenye LSAT, "Halima au Juma yumo" iliruhusu wote wawili, mpaka waandike "lakini si wote wawili". Kwa mitihani mingine soma maelekezo ya mwanzo. Fumbo lililotungwa vizuri halikuachii kubahatisha hapo.

Bi Jedwali

Nani aguse meza ya duara? Mitihani ya benki India inaipenda sana: watu wanane, wengine wanatazama katikati, wengine wanatazama nje.

Penseli HB

Nitajaribu. Duara halina mwanzo, kwa hiyo mtu wa kwanza mweke kiti chochote, haibadilishi kitu. Ndiyo maana watu wanane kwenye mstari wana mipangilio 40,320 na kwenye duara 5,040 tu.

Kulia na kushoto: chora duara kama unaliangalia kutoka juu. Anayetazama katikati, mkono wake wa kulia unakwenda kinyume cha mshale wa saa. Anayetazama nje, kulia kwake kunafuata mshale wa saa. Weka kishale kidogo kwenye kila kiti kuonyesha anakotazama, na kama hakujulikana bado weka alama ya kuuliza. Usimpe mtu mwelekeo kwa kudhani, hata kama jirani zake wote wanatazama katikati.

Kuhesabu viti: "wa tatu kushoto kwa P" maana yake unatoka kwa P hatua tatu, P mwenyewe hahesabiwi. "Watu watatu wako kati ya P na Q" ni hatua nne. Kwenye viti vinane, hatua nne ni kukaa uso kwa uso, upande wowote utakaohesabia. Na wa tatu kushoto ndiye huyo huyo wa tano kulia. Ukishazoea hizo mbili, dalili mbili zilizoandikwa kwa maneno tofauti utagundua zinasema kiti kimoja.

Anza na dalili inayowafunga watu wawili kwa idadi kamili ya hatua. Zile za "R si jirani wa S" ziache mpaka mwisho. Hazijengi kitu, kazi yake ni kufuta.

Kalamu Nyekundu

Na yale ya sifa nyingi, mfano lile la pundamilia: nyumba tano, rangi, uraia, vinywaji, wanyama, sigara. Lilichapwa kwenye Life International tarehe 17 Desemba 1962. Wanaosema Einstein alilitunga utotoni wajue kuwa limetaja sigara ambazo hazikuwepo alipokuwa mtoto.

Pale mstari mmoja wa vistari hautoshi. Chora jedwali: nguzo tano za nyumba, safu moja kwa kila sifa. Jaza kwanza zile za uhakika. Mnorwei yuko nyumba ya 1, maziwa yako ya 3, na kwa kuwa Mnorwei ni jirani wa nyumba ya buluu, ya 2 ni buluu. Halafu rangi ya nyumba ya 1: nyekundu ni ya Mwingereza, buluu imeshakaa, na ile ya rangi ya pembe ina ya kijani papo hapo kuliani kwake, wawili hao hawapati nafasi wakianzia 1. Imebaki njano. Ona, hakuna dalili iliyotaja njano pamoja na namba ya nyumba. Imepatikana kwa kuwafukuza wengine.

Ngwena

Kuhusu muda sikubaliani na wanaosema "orodhesha mipangilio yote kila mara". Fumbo la Bi Jedwali lilikuwa na sita, la Kalamu saba, hapo orodhesha. Ukiona yanazidi kumi na mbili hivi, acha, gawa mara moja tu (Latifa ndani, Latifa nje) kisha nenda kwenye maswali. LSAT ilikupa wastani wa dakika 8 na sekunde 45 kwa fumbo. Ukitumia tatu kuchora na kukisia, tano na ushee zinatosha maswali sita kama mchoro umeiva.

Mpangilio wa maswali nao una faida. Swali la "upi unakubalika" lifanye kwa kuchukua sharti moja na kulipitisha kwenye majibu yote matano, halafu sharti linalofuata. Usichukue jibu moja na kulipima kwa masharti yote, ni polepole. Kisha fanya yale yanayoanza na "ikiwa", kwa sababu kila moja linakuachia mpangilio halali. Usiufute! Yale ya "kipi lazima kiwe kweli" yaache mwisho: jibu lolote ambalo mpangilio wako wa zamani unalivunja limekufa bila jasho. Na kwenye "kipi kinaweza kuwa kweli", mfano mmoja halali unatosha.

Mchanga wa Pwani

Hapo kwenye "isipokuwa" mwisho wa swali chungeni. "Vyote vinaweza kuwa kweli isipokuwa" inatafuta kisichowezekana. "Vyote lazima viwe kweli isipokuwa" inatafuta kinachoweza kuwa si kweli, hata kama mara nyingine ni kweli. Hizo ni kazi mbili tofauti. Andika pembeni unachotafuta kabla hujagusa majibu.

Penseli HB

Kalamu, kwenye kamati yako: Omari akiwemo, wanabaki nani wa kuchagua?

Kalamu Nyekundu

Omari ndani, Latifa nje. Latifa nje, Kheri anamfuata. Vistari viwili vya nje vimekwenda, cha tatu ni H/J. Kwa hiyo Musa na Neema wako ndani bila mjadala, na uamuzi uliobaki ni mmoja tu: Halima au Juma. Na safari hii mmoja wao lazima awemo, maana wote wakitoka nje panakuwa na wanne.